Pole Isiyo na Mkosaji

Fundi alimwona mdogo wake akiingia na tabasamu, akajua kuna jambo. Huyu hakuwahi kutabasamu bure tangu meno ya utotoni.

"Dada, habari za kazi?"

"Kazi haina habari. Kaa."

Alikuja kuchukua gauni la harusi la binti yake. Lilikuwa juu ya meza ya kukatia, jeupe, limebaki pindo tu. Fundi alikubali kulishona kwa ajili ya mtoto. Mtoto hana kosa.

Mama yao aliugua miaka sita hadi kufa, na ni fundi aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha. Mdogo mtu alikuwa akija na matunda na kuondoka na sifa. Mwaka jana akaja na karatasi. "Ni ya kuvuta maji, dada, weka dole gumba hapa." Fundi hajui kusoma. Akaweka. Maji hayakuja, ilikuja habari kwamba nyumba ya mama ina mwenyewe mmoja, na si yeye.

"Nilitaka kukwambia," mdogo mtu alisema, "pole sana kwa yaliyotokea."

Cherehani ikasimama. Pole! Pole hupewa aliyenyeshewa na mvua, aliyejikwaa, hata na mpita njia.

"Sitaki pole. Sema, nimekukosea."

"Siwezi kusema uongo, dada. Moyo wangu haunisuti. Hakuna kitu kibaya chenyewe. Ubaya ni vile mtu anavyojisikia. Wewe unaona vibaya, mimi naona sawa. Kila mtu na lake."

Maneno yalikuwa laini mno. Fundi aliyapapasa kama kitambaa kinachouzwa gizani. Kama ni hivyo, basi hakuna aliyewahi kudhulumiwa duniani. Kuna watu wepesi wa kuumia tu. Na mwizi akipata usingizi mzuri, ameshinda kesi.

Akachukua mkasi, akaupitisha chini ya gauni, pale kiunoni.

"Unafanya nini wewe!"

"Kwangu naona sawa."

"Dada, hiyo ni dhuluma! Mwanangu amekukosea nini?"

"Dhuluma? Si ni vile unavyojisikia? Pole."

Mdogo mtu akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa. "Haya, nilikukosea. Nilikudanganya kwa ile karatasi. Nisamehe."

Neno hilo fundi alilisubiri mwaka mzima. Lakini macho ya mdogo wake hayakuwa kwake. Yalikuwa kwenye mkasi. Fundi akauweka chini. Hakuwa na nia ya kukata. Angekata angekuwa mkosaji, hata kama moyo wake ungechekelea. Akamalizia pindo, akalikunja gauni, akalifunga kwenye karatasi safi.

"Chukua. Liko mikononi mwako, hakuna wa kulikata. Sasa sema tena."

Mdogo mtu alilipokea kwa mikono miwili. Mlangoni akalifungua, akalikagua kiunoni, mbele na nyuma, bila haraka.

"Tutaongea, dada," alisema, akatoka.