Fundi Aliyefumua Foleni Nzima

Saa mbili asubuhi, mwanamke mmoja ameinamia laptopu iliyowekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Anaandika jina la mgonjwa wa kubuni, anabonyeza, na jina linatokea kwenye foleni likiwa na kitufe cha "Aingie" pembeni. Anaongeza la pili. Nalo linatokea. Anarudi kubonyeza kitufe cha kwanza.

Kimegoma.

"Jamani!" anajishika kichwa. "Saa nne natakiwa zahanati, na hiki bado kimeninunia."

Hapa kwenye kibanda cha shangazi yake wanamwita Fundi. Alishona sare za shule kwa miaka kumi na mmoja, hadi mgongo ukamkatalia. Akajifunza kutengeneza kurasa za mtandao kwa miezi kumi na minne, kwa laptopu ya mtumba ambayo herufi R hubonyezwa kwa kucha. Ameomba kazi mahali kumi na tisa. Kumi na nane hawakumjibu hata salamu.

Aliyejibu ni muuguzi mkuu wa zahanati. Alimpa wiki moja atengeneze ukurasa wa foleni ya wagonjwa, na wiki inaisha leo. Ukurasa ukikwama, zahanati inarudi kwenye daftari, naye anarudi kwenye cherehani.

Kazi yenyewe, kwa sisi tusiojua, ni kuandika mstari wa maneno uliofungwa kwenye mabano yenye pembe, kisha kuiamuru kompyuta igeuze maneno hayo yawe kitu kwenye ukurasa.

"Mwanzoni ni maandishi tu," ananieleza mimi mwandishi niliyekuja kumtazama, macho yakimng'aa. "Mara kinakuwa kitufe! Unakigusa, kinaitika! Mpaka leo kikitokea mwili hunisisimka."

"Na jana ulikuwa unalia," shangazi anadakia nyuma ya cherehani. "Hebu niambie, huyo mgonjwa wa pili unamwingiza vipi?"

"Nachukua maandishi ya foleni yote, shangazi. Naongeza jina lake mwishoni, halafu naiambia kompyuta ijenge yote upya. Vile vitufe vya zamani vinatupwa, vinakuja vipya ambavyo havijaambiwa vifanye..."

Anasimama ghafla. Pini zinamwagika sakafuni.

"Shangazi! Nafumua shati zima ili niweke mfuko mmoja!"

"Na mimi ndiye niliyekufundisha kushona," anasema shangazi. "Tafadhali usimwambie mtu."

Anafuta mstari mmoja na kuandika mwingine: mgonjwa mpya atengenezwe peke yake, apachikwe mwishoni, waliotangulia wasiguswe. Anaongeza majina mawili, anabonyeza kitufe cha jina la kwanza. Jina linaondoka kwenye foleni. Kelele anazopiga zinamtoa muuza duka wa jirani nje, na mimi, nakiri, nimezipiga pia.

Saa nne, zahanati. Muuguzi mkuu si mtu wa kucheka ovyo. Anaandikisha wagonjwa ishirini na watatu kwa mkono wake, halafu, kwa makusudi kabisa, anarudi juu na kubonyeza kitufe cha kwanza. Anasoma jina kwa sauti.

Kwenye benchi, mama aliyembeba mtoto anainuka na kuingia chumba cha daktari.

Fundi anaziba mdomo kwa mikono miwili. "Umeona?" ananinong'oneza. "Ameinuka mtu!"

Muuguzi anaita wa pili, wa tatu, wa kumi. Kila kitufe kinaitika. Hatimaye anavua miwani.

"Dada, Jumatatu uje na kitambulisho. Tuanze na mkataba wa miezi sita. Chumba cha chanjo nacho kina foleni yake."

Tukiwa njiani kurudi anatembea upesi hadi namwomba apunguze mwendo. Namuuliza kama cherehani ndiyo basi tena. Anatikisa kichwa.

"Pale kibandani wapo wanne wenye mgongo kama wangu. Wote wanadhani maisha yameishia hapo. Mwaka ukiisha nikiwa bado kazini, nitaingia na laptopu ya pili, nitamkalisha shangazi kwanza, nimfundishe. Akatae tu, nimwone!"