Tundu kwenye Kisu cha Papa

Mimi sikuumbwa kwa kukaa kimya. Mama alizoea kusema nilitoka tumboni nikigombana, na sina sababu ya kumbishia. Ndiyo maana sheria ya kikundi chetu cha wapenda visu, hapa Kisangani, imenitesa tangu nijiunge: aliyetengeneza kisu anaketi, anaweka mikono chini ya mapaja, na hafungui mdomo mpaka kisu kimezunguka kwa wote na kupigwa kwa nguvu kwenye gogo gumu. Akisema neno moja, anarudishiwa kisu chake bila hukumu. Nimeona watu wazima wakijiuma midomo.

Tunakutana Jumapili mchana, mtaa wa Mangobo, uani kwa seremala mmoja mzee tunayemwita tonton, yaani mjomba. Kisu kikivunjika kwenye gogo tunacheka, maana vyuma vya springi za malori havijaisha mjini. Lakini Jumapili ile nilileta kisu ambacho chuma chake hakikuwa na mwenzake.

Kilitoka kwenye lori la papa, baba yangu. Aliliendesha miaka mingi kwenye matope ya barabara ya Bafwasende, na lilipokufa likauzwa vipande vipande. Alibakiza kipande kimoja cha springi, akakilaza chini ya kitanda chake. Tangu hapo papa akawa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Halafu asubuhi moja akakisukuma kile chuma kwa mguu hadi nilipokuwa nimekaa, akasema, "Fanya kitu na hii."

Nilifurahi hadi nikaogopa. Nilifua kisu kirefu kama mkono wangu, nikakitia mpini wa mti mgumu wa wenge. Karibu na mpini niliacha tundu la boliti iliyokuwa ikifunga springi zile pamoja. Wengine wangelikata. Mimi nilitaka papa akipitisha kidole pale alijue lori lake.

Basi nikakalia mikono yangu, roho juu. Kisu kilianzia kwa mchinja nyama wa sokoni.

"Iko muzito ku mbele," akasema. "Mukono itachoka mbele ya nyama kuisha."

"Na mupini iko mulefu," akadakia mwanafunzi wa chuo, ambaye hajawahi kufua hata msumari. "Bon, kwa photo iko muzuri."

Damu ilinichemka. Nilitingisha mguu mpaka benchi likalia, na mchinja nyama akanitazama kwa jicho la kunionya. Tonton alikipokea mwisho. Alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akachungulia kwenye tundu.

"Hii tundu ya nini? Ni hapa itavunjikia."

Akainuka, akaelekea kwenye gogo. Nikamwona papa akilini mwangu, kule nyumbani Kabondo, ameketi mlangoni tangu atoke misani, viatu bado miguuni, ananisubiri. Tonton akainua mkono.

"Tonton, acha! Ile chuma iko ya papa!"

Tonton alishusha mkono, akaja akanipa kisu, mpini mbele.

"Umesema. Ikamate."

Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nilipanda pikipiki yangu nikiwatukana wote moyoni, mwanafunzi kwanza, kisha gogo, kisha sheria na aliyeitunga.

Nyumbani, papa alikipokea kisu kwa mikono miwili. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye tundu, kikabaki pale. Sikujua nitazame wapi. Kisha akauliza:

"Balisema nini?"

"Habakupiga, papa. Nilikataza. Niliogopa itavunjika."

Alikigeuza, akakigeuza tena.

"Sasa hii iko kisu, ao iko photo?"

"Papa, hatuna chuma ingine ya lori."

"Lori yangu ilikuwa inabeba mizigo, haikukuwa ya kulala chini ya kitanda. Ni miye nililalisha ile chuma pale." Akasimama, akishika ukuta. "Unipeleke kule."

Nilibisha njia nzima. Nyuma yangu alikaa amekipakata kisu, kimefungwa kwenye koti lake.

Walipomwona akishuka waliinuka wote, tonton akamsogezea kiti. Papa alikataa kiti. Alifungua koti, akaenda kwenye gogo, akapanua miguu, akapiga. Nilifumba macho. Akapiga tena, na tena, vibanzi vikaniangukia miguuni. Nilipofumbua, kisu kilikuwa kizima na papa alikuwa akihema, amekiinua kwenye mwanga akikikagua.

"Iko muzito ku mbele," akasema.

Mchinja nyama akapiga makofi.

"Na mupini iko mulefu. Nani alikufundisha kutia mupini ya hivi? Tundu, bon, tundu iko muzuri, lakini hukuisugua vizuri, itakata mutu kidole. Na huku makali imepinda, ona."

Mwanafunzi akampisha kwenye benchi. Papa akaketi kati yao, kisu magotini, akaendelea: makali, mgongo, ncha, kisha springi za lori na jinsi zinavyovunjika ukipakia vibaya, kisha barabara yenyewe. Tangu lori life sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi namna ile.

Ulimi uliniwasha. Kila kosa alilolitaja nilikuwa na jibu lake. Nikaingiza mikono chini ya mapaja, nikaikalia, nikanyamaza ili yeye asinyamaze.