Dohani Iliyong'aa

"Mnyororo? Mnyororo kwenye dohani ya baba? Dada, umekuja kusafisha au kubomoa?"

Huyo ni shemeji yangu, mwoka mikate, amesimama mbele ya tanuri kaikumbatia brashi yake ya waya kama mtoto mchanga. Anayefokewa ni dada yake, wifi yangu, fundi wa kusafisha dohani, tunayemwita Bibi Moshi. Mimi nimekalia gunia la unga, nawashangilia wote wawili.

"Nimeisugua jana kutwa," shemeji akasema. "Chungulia, inang'aa!"

"Ndio ugonjwa wenyewe huo, mdogo wangu. Dohani yenye afya haing'ai."

Wifi yangu msimwone mwembamba hivyo. Kazi aliianza siku paka wake aliponasa kwenye dohani. Aliingia kumtoa, akatoka na paka, bata wawili, na kofia ya mtu asiyejulikana mpaka leo. Kuna kiwanda alikisafisha, masizi yakatoka mengi hata kunguru wakaja kutoa pole, wakidhani wamefiwa. Mkibisha, kunguru wapo, waulizeni.

Lakini kwenye zana hatanii. Aliingiza mkono, akagonga kwa ukucha. Ti, ti, ti, kama anagonga sahani.

"Yangekuwa masizi ya vumbi, brashi laini ingetosha. Yangekuwa magamba, hiyo ya waya. Haya yameganda kama lami. Ukiyasugua kwa waya unayapiga rangi ya viatu tu, na siku yakishika moto utaoka nyumba nzima."

"Na matofali ya baba yakipasuka?"

"Ndiyo maana ule mnyororo mnene wa kusafishia mabomba ya chuma nimeuacha nyumbani." Akainua ule aliokuja nao, mwembamba, usio na ncha, umefungwa kwenye fimbo inayopindika. "Huu ganda unalichapa, tofali unalipapasa."

"Likianguka tofali hata moja, dada, hukanyagi tena paa langu!"

"Na lisipoanguka?"

"Lisipoanguka, tutaona."

"Tutaona ni jina la mtu mwoga," nikachomekea. Shemeji akanitolea macho.

Wifi akaunga fimbo kwenye drili, akaipandisha taratibu, sikio kalielekeza juu. Dohani ikakohoa kama mzee aliyeamshwa kwa nguvu. Vipande vyeusi vikamwagika. Halafu, pu! Kitu kizito kikatua majivuni.

"Tofali!" shemeji akapiga yowe. "Si nilisema? Shemeji, wewe shahidi!"

Wifi hata hakugeuka. Alikiokota, akakigonga sakafuni. Kikapasuka katikati, cheusi tii mpaka moyoni. Ganda tupu, hakuna tofali wala mtoto wa tofali.

Shemeji akachukua tochi, akaingiza kichwa ndani. Akakaa huko mpaka nikadhani amehamia.

"Dada," sauti ikatoka, ndogo, "naona matofali mekundu. Yote yapo. Basi mimi nilikuwa nang'arisha gan..."

Mlango ukasukumwa. Mkewe akaingia, kakumbatia kuni mpaka kidevuni.

"Haya," akasema, "niwashe, au bado mnagombana?"

Shemeji akachomoa kichwa dohanini, akaiegemeza brashi yake ya waya ukutani. Wifi akasogea kando, akampisha.