Migongo ya Mawe Madogo

Shangazi yangu alilipwa kwa miaka thelathini na mmoja kusugua kitu alichokipenda kuliko vyote. Niseme mapema kwamba simtetei. Nimemcheka sana kwa jambo hilo, mbele yake na nyuma yake, na hata leo kuna siku nacheka peke yangu jikoni nikimkumbuka.

Kazi yake ilikuwa kuosha mawe ya makaburi. Saa moja asubuhi alifungua stoo, akatoa ndoo mbili, brashi ya nailoni, brashi ya waya na galoni la dawa ya kutoa madoa, ile inayochoma pua hadi machozi yakutoke. Alianza na mstari ulio karibu na lango, kwa sababu huo ndio wageni wanaouona kwanza. Akifika mwisho wa makaburi, miezi mitano imeshapita na mstari wa kwanza umeshachafuka tena. Alisema hawezi kufukuzwa kazi maana kazi yenyewe haiishi.

Uchafu huo ndio uliomponza. Kila mtu ameuona: vidoa vya mviringo juu ya jiwe, vya kijivu, vya manjano, vingine rangi ya kutu, vimeng'ang'ania kama rangi ya mafuta iliyomwagika ikakauka. Wengine huviita kuvu, wengine ukoga, na wengi hawaviiti chochote kwa kuwa hawajawahi kuviangalia. Shangazi naye hakuviangalia kwa miaka kumi na miwili. Alivisugua tu. Kisha fundi saa wa mtaani kwetu akaacha kazi kwa sababu ya macho, akaanza kugawa vifaa vyake. Shangazi alikuwa amekwenda kuchukua saa yake ya ukutani, akarudi na kile kioo kidogo ambacho fundi hukibana jichoni. Alidai kitamfaa kutolea miiba.

Kesho yake, kabla ya kumwaga dawa, akainama na kioo chake juu ya kidoa kimoja cha rangi ya chungwa. Aliona visahani. Visahani vidogo vyenye kingo, vimepangwa kwa mamia, kila kimoja na kivuli chake. Kando yake palikuwa na kidoa cha kijivu chenye nyufa kama tope la bwawa lililokauka, na ndani ya kila ufa mlikuwa na nukta nyeusi zinazong'aa. Alibaki ameinama hivyo mpaka msimamizi akamuuliza kama amepatwa na kizunguzungu.

Tangu siku hiyo ikawa huwezi kutembea naye. Alisimama kwenye kuta, kwenye vigae, kwenye nguzo za taa, akikutia aibu mbele za watu. Kwenye picha ya harusi yangu wageni wote wanatazama kamera isipokuwa mmoja, aliyegeuka kutazama shina la mti. Mkobani alibeba chupa ya maji isiyo ya kunywa. Akikuta ukutani kile kizulia kifupi kinachoota penye unyevu, kimekauka na kuwa cha kahawia, alikinyunyizia maji na kukulazimisha uhesabu hadi mia. Kabla hujamaliza, vijani vimefunguka, vyote, na kizulia chote ni kibichi kabisa.

"Ulidhani kimekufa," alikuwa akisema, kana kwamba mimi ndiye niliyekikausha. "Kilikuwa kimejikunyata tu."

Kisiki kilichokuwa karibu na lango alikijua kuliko majirani zake. Alijua ni uyoga gani unaotoka siku ya pili baada ya mvua na kuanguka kufikia adhuhuri, na ni upi unaokaa hapo mwaka hadi mwaka, mgumu, umejipanga kama rafu za duka. Aliugonga kwa kucha na kunitaka nisikilize mlio. Nilisikiliza, nifanyeje?

Halafu siku moja mwalimu wa biolojia aliyekuja kuzuru kaburi la baba yake akamweleza kwamba kile kidoa cha jiweni si kitu kimoja. Ni viwili. Kuna kuvu, na ndani yake kunaishi vijimea vya kijani vidogo mno visivyoonekana kwa jicho. Kuvu ni nyumba, anashika jiwe na kutunza unyevu, na wale wa kijani ndio wapishi, wanapika kwa mwanga wa jua na wote wanakula. Hawali jiwe wala hawali maiti. Shangazi alikuja kwetu jioni hiyo bila hata hodi kutueleza.

"Kwa hiyo ni kama ndoa," mume wangu akasema.

"Ndoa gani? Hawa wanaelewana."

Kilichomnasa zaidi ni jinsi vinavyokua polepole. Alianza kuvipima kwa uzi. Kila mwaka uzi mpya wenye mafundo mawili, na daftari lililojaa nyuzi zilizobandikwa kwa gundi. Nilimuuliza ni za nini. Akasema hajui, anataka kujua tu. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu, na lilikuwa linanikera.

Sasa niwaeleze siku niliyoacha kukereka.

Nilikuwa nimemfuata kazini nimpeleke kwa daktari wa meno, miadi aliyoikwepa mara tatu. Nilimkuta ofisini, yeye na msimamizi, na mbele yao mama mmoja mzee ameketi na mwavuli mapajani. Msimamizi alikuwa anajieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha shindwa. Daftari la maziko la miaka ya zamani lililoweshwa na bomba lililopasuka, kurasa zimegandana, hakuna cha kusoma.

"Mwanangu aliishi siku tisa," yule mama alimwambia Shangazi, kwa kuwa msimamizi alikuwa ameinamisha macho. "Hospitali ndiyo iliyomzika, mimi nikiwa bado kitandani. Nilipotoka nilionyeshwa mstari tu. Ni miaka arobaini na mmoja sasa. Kila mwaka nakuja nasimama pale mwanzo wa mstari, naondoka. Wiki ijayo nahamia kwa binti wa dada yangu, mbali, na sitakuwa na nguvu za kurudi. Nataka kumuaga, nami sijui niliage jiwe gani."

Mstari huo wa watoto tuliujua. Vijiwe sabini na tatu vya saruji, vyote vya umbo moja, vimefika magotini. Watoto walizikwa popote palipopatikana nafasi, mpya katikati ya wa zamani, kwa hiyo mpangilio haukusaidia. Tisa tu ndivyo vilivyochongwa tarehe, na wazazi waliojiweza. Vilivyobaki viliwahi kupakwa namba kwa rangi, na rangi ilikwisha futika zamani.

Shangazi aliniangalia. Najua macho yale. Nikajua meno hayang'olewi siku hiyo.

"Mama," akasema, "siwezi kukuahidi. Lakini naomba nijaribu."

Tulikwenda wote wanne. Njiani alieleza haraka haraka. Kidoa kinaanza kukua jiwe likishawekwa, kikubwa kuliko vyote juu ya jiwe ndicho cha kwanza kufika. Vile vijiwe tisa vyenye tarehe vitasema miaka mingapi ni upana gani. Halafu vile visivyo na tarehe vitapimwa kwa uzi huo huo. Yule mama alimfuata akimkodolea macho, mwavuli unagonga ardhi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alionekana kama mtu anayetarajia kitu.

Tukafika. Vijiwe sabini na tatu vilitutazama, vyeupe, safi, vinang'aa kama sahani.

Msimamizi akakohoa. "Si umeviosha mwezi uliopita?"

Shangazi alisimama na uzi mkononi. Bila shaka ameviosha. Ameviosha kila mwaka kwa brashi ya waya na ile dawa. Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Yule mama alitazama mawe, kisha akamtazama yeye, akaanza kufungua mwavuli wake bila sababu yoyote, hapakuwa na jua wala mvua.

"Bosi," Shangazi akasema hatimaye, "nina jambo la kusema, na ukitaka kunifukuza nifukuze kesho, si leo."

"Jambo gani?"

"Sijawahi kuosha nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Ya mawe. Mistari imebanana, mgongo ulikuwa unaniuma, na mgeni anatazama mbele tu. Ndivyo ilivyoanza. Baadaye, nilipopata kioo, ikawa ni makusudi."

Msimamizi akamgeukia. "Miaka yote hii nasaini karatasi kwamba mawe yameoshwa."

"Yameoshwa," Shangazi akasema. "Uso."

Nilizunguka nyuma ya mstari, na sitasahau. Upande wa mbele palikuwa kama wodi. Upande wa nyuma, sabini na tatu mfululizo, palikuwa na rangi ya chungwa, kijivu cha majivu, kijani kilichopauka, duara ndani ya duara, na chini penye kivuli kizulia kibichi kimepanda hadi kiunoni mwa jiwe. Miaka yote nilikuwa nimemcheka mtu mwenye bustani.

Kazi ilichukua saa tatu. Nilishika daftari. Shangazi alipiga magoti nyuma ya vile tisa kwanza, kioo jichoni, akichagua kidoa cha aina moja tu, cha kijivu chenye nyufa, maana cha chungwa kinakua haraka na kingempotosha. Kwenye jiwe la miaka ishirini kilikuwa na upana wa kifungo cha shati. Kwenye la thelathini na minane kilikaribia kizibo cha soda. Kwenye la arobaini na nne kilikipita kizibo. Akafunga mafundo yake kati ya hivyo viwili vya mwisho, akaanza kutembea kwa magoti nyuma ya mstari. Yule mama alimfuata upande wa pili, jiwe kwa jiwe.

Vilipatikana kumi na kimoja. Akaondoa vilivyo chini ya mti, kwa kuwa kivuli kinachelewesha. Akaondoa vilivyopasuka na vile ambavyo vidoa viwili viligusana vikaonekana kama kimoja. Alivirudia mara ya pili, akavirudia mara ya tatu, goti moja linatoka damu. Vikabaki vitatu. Alivipima tena na tena, na uzi ulitoa jibu lile lile.

Msimamizi alimsogelea, akamnong'oneza, nami nilikuwa karibu nikasikia. "Mwonyeshe kimojawapo. Atajuaje? Mwache mama wa watu aende na amani yake."

Nikiri kwamba nami nilifikiri hivyo hivyo. Ilikuwa saa nane, sote tulikuwa na njaa, na jambo lenyewe lilionekana la huruma.

"Mimi nitajua," Shangazi akamjibu, kwa sauti kubwa ya makusudi. Akainuka, akatoa kioo jichoni, na jicho lake lilikuwa na duara jekundu pande zote. Akamgeukia yule mama. "Mama, mwanao ni mmoja kati ya hawa watatu. Hili, lile pale, na lile la tatu kutoka mwisho. Nikikwambia zaidi ya hapo nakudanganya. Nisamehe. Nisingesugua upande wa mbele huenda ningekuwa na zaidi."

Yule mama alikwenda kwenye jiwe la kwanza, akaweka kiganja mgongoni mwake, juu ya kile kidoa. Akaenda la pili. Akaenda la tatu, na pale alikaa zaidi. Nilikuwa naogopa kumtazama usoni. Shangazi alikuwa analia waziwazi, anajifutia kwa kitambaa cha kichwa kilichojaa dawa, jambo ambalo lilizidisha machozi.

"Sabini na tatu walinishinda," yule mama akasema mwishowe. "Kila mwaka nilikuwa nasimama mwanzoni tu kwa sababu sikujua nianzie wapi." Akahesabu kwa mkono: moja, mbili, tatu. "Unajua, mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tumepanga kuzaa watatu."

Akakunja mwavuli, akauegemeza kwenye jiwe. Akaomba tumwache. Tulipofika kwenye njia nikageuka, nikamwona amekaa chini, nyuma ya mstari, miguu ameinyoosha, anaongea. Aliongea na la kwanza kwa muda mrefu. Kisha akajisogeza hadi la pili, akaanza kusimulia upya tangu mwanzo.