Majina ya Ndugu Zangu Yameingia Simu za Watu Nisiowajua

Admin, tafadhali ficha jina langu. Na wewe msomaji unayedhani unanijua, nakuomba usinitaje kwenye maoni. Utaona sababu.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nne, naishi pembeni mwa mji wa Kasulu. Nilizaliwa Burundi, nikavuka mpaka nikiwa kijana, nikalima Busunzu kabla ya kuhamia huku. Majirani wananijua kama Muha tu, mwenyeji wa hapa, na Kiha changu hakinisaliti. Jina nililopewa na baba silitumii tena. Wanaolijua huku ni mke wangu na watoto. Vitabu vimenilea ugenini, lakini kitabu hakiwezi kuniita kama anavyoniita mtu wa nyumbani. Aliyebaki kuniita hivyo ni mdogo wangu, aliye ng'ambo ya mpaka, Burundi.

Mwaka huu wa 2015 hali ya huko ilipochafuka, mdogo wangu aliacha nyumba yake akajificha kwa rafiki. Kuna watu wanamtafuta. Binti yangu akaninunulia simu ya tachi ili tuwe tunatumiana picha. Tukaipeleka kwa fundi mjini, nitamwita Shabani ingawa si jina lake.

"Mzee, sasa utapiga selfi mpaka bibi akukimbie!" alinitania, huku vidole vyake vikicheza kwenye kioo. Akanirudishia simu ikiwa tayari, nami sikuuliza alichofanya.

Nikaingiza namba za ndugu zangu. Kwetu jina peke yake halimtambulishi mtu, maana wanaofanana majina ni wengi. Lazima useme ni mtoto wa nani, wa kilima gani, maana kwetu kilima ndicho kijiji, na sasa anakaa kwa nani. Ndivyo nilivyoandika, na kwa mdogo wangu nikaongeza kazi ya mwenyeji wake. Kwenye namba yangu mwenyewe niliandika lile jina langu la zamani kwa mtindo huohuo, kwa sababu tu nilitaka kuliona limeandikwa.

Baada ya wiki kadhaa yakaanza kuonekana simuni mwangu majina ambayo sikuyaandika: Mama Kuku Stendi, Dereva wa Makere, Usipokee Huyu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Maskini, huyo asiyepokelewa! Hebu mpigie, labda ana upweke."

Mpangaji wetu, mwalimu wa kompyuta aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, hakucheka.

"Samahani mzee, hii akaunti alikufungulia nani?"

Nikamweleza. Akavuta kiti. "Shabani amewawekea wateja wake wote akaunti moja. Jina likiingia simu moja, linapanda kwenye kompyuta za kampuni huko mbali, kisha linashuka kwenye kila simu yenye akaunti hiyo. Ukiona ya kwao, ujue na wao wanaona ya kwako."

Tukamfuata Shabani. Hakukana. "Mwalimu, we acha tu. Hawa wazee ukimfungulia kila mmoja ya kwake, kesho amesahau neno la siri, anakuja kunililia mimi. Nikawarahisishia." Nikamuuliza wateja wake ni akina nani. "Wote, mzee wangu. Madereva, watu wa kambi ya wakimbizi, wanaokwenda na kurudi ng'ambo. Mtu akileta simu, namwekea."

Mwalimu alifuta majina yangu kwenye akaunti ile, akayahifadhi kwenye kompyuta yake ndogo chumbani kwake. Humo anatumia programu huria, zile ambazo mjuzi yeyote anaruhusiwa kusoma zilivyoandikwa na kuona zinapeleka nini, wapi. "Hapa hakuna kampuni wala fundi," alisema. "Umeme ukikatika tunalia wenyewe." Nikamuuliza kama sasa tumepona. "Tumezuia yajayo, mzee. Aliyekwisha kunakili siwezi kumnyang'anya."

Ndugu wengine niliwapigia, wakabadilisha laini. Mdogo wangu sikumpata.

Juma lililofuata nikapigiwa na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamume, ya upole, kwa Kirundi. Akaniita kwa jina langu la zamani, kisha jina la baba, kisha kilima chetu, kwa mpangilio uleule niliouandika. Naona aibu kusema, lakini machozi yalinitoka kabla ya hofu.

Anasema ni mtoto wa mdogo wangu. "Baba mkubwa, nimemletea mzee dawa za pumu. Nimefika kwa yule rafiki yake, nimekuta amehama. Yuko wapi sasa?"

Ni kweli mdogo wangu ana pumu, na hilo sikuliandika popote. Ni kweli amehama. Aliniambia kwa mdomo siku chache kabla ya laini yake kuzimika. Mahali hapo papya, upande huu wa mpaka napajua mimi tu. Mtoto wake nilimwona mara moja, akiwa mgongoni mwa mama yake, kwa hiyo sauti hainisaidii. Nikamuuliza bibi yake alikuwa akimwita baba yake jina gani utotoni.

Akacheka. "Baba mkubwa, hayo ya zamani nani atayakumbuka?"

Hata watoto wangu wasingejua langu, kwa hiyo jibu lake halikunithibitishia lolote. Nikamwambia sijui alipo baba yake.

"Basi nitakuja Kasulu siku ya soko tuongee ana kwa ana. Usihangaike kunielekeza. Mlango wenu nitaujua kwa rangi yake."

Mimi sikumtajia mlango. Niliupiga picha nilipokuwa najifunza simu, na mwalimu anasema picha nazo zilikuwa zinapanda na kushuka kama majina.

Mke wangu anataka tuupake rangi nyingine. Binti yangu anasema twende polisi, lakini nitawaambia nini, kwamba mtu amejitambulisha kuwa ni mwanangu? Akiwa ni yeye kweli nami nikamficha alipo baba yake, ndugu yangu atakosa pumzi wakati dawa ziko mkononi mwa mtoto wake. Asipokuwa yeye, neno langu moja litamuua.

Wasomaji, hasa ninyi mliowahi kukimbia kwenu: siku ya soko inakaribia. Akibisha hodi, nimjibu nini?