Ngumi ya Kiilu

Kiilu wa Kitengela alikuwa na mkono mmoja wa kufanyia kazi na mwingine wa kumtesa. Wa kufanyia kazi ulikuwa wa kushoto. Ule wa kulia ulikatwa hospitalini mwaka wa 1998, chini kidogo ya kiwiko, baada ya ukuta wa timbo, yale machimbo alikochonga mawe ya kujengea, kumporomokea. Ulikatwa ukapelekwa wanakojua wenyewe. Sasa niambieni nyinyi, mkono usiokuwepo unauma vipi? Wa Kiilu uliuma. Aliusikia uko palepale, vidole vimekunjwa ngumi, kucha zimezama kiganjani, na hapakuwa na siku hata moja ambayo ngumi hiyo ililegea.

Mkewe Mwongeli alifika mahali pa kukanda hewa. Haki ya Mungu, hewa! Kiilu angemwonyesha, "Hapa, mama Mumo, hapa kwa kidole gumba," naye Mwongeli angepitisha vidole vyenye mafuta ya moto mahali pasipo na kitu. Ungefanyaje wewe, ukiwa umeolewa na mtu anayeuma blanketi ili watoto wasimsikie? Majirani nao hawakukosa maneno. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema anajifanya ili asirudi kazini. Hawa wa pili ningekuwa na uwezo ningewapa hiyo ngumi wakae nayo wiki moja tu.

Mwaka wa 2006 akaja daktari Wanjira kutoka Nairobi, mama mfupi mwenye sauti ya upole, bingwa wa ubongo na neva. Alikuwa akitafuta watu waliokatwa mikono. Alieleza kwamba anashirikiana na Waitaliano wanaochunguza ubongo na Wajapani wanaounda roboti, na kwamba wamepewa chumba katika hospitali moja ya Kajiado. Wanataka kutengeneza mkono wa chuma unaomtii mwenyewe anapowaza tu.

"Mzee, mkono ulikatwa, lakini ubongo bado unautumia ujumbe," alimwambia Kiilu. "Sisi tunataka kuunasa huo ujumbe."

"Daktari, mimi mkono wa chuma sina haja nao," Kiilu akajibu. "Mimi nataka huu wangu ufunguke, nilale kama watu."

Wanjira hakumdanganya, na kwa hilo nampa heshima yake. Alimwambia kwamba huenda akiuona mkono wa chuma ukimtii, ukifunguka mbele ya macho yake, ubongo nao utakubali kwamba ngumi imefunguka. Huenda, alisema, siahidi. Kiilu alisikia "itafunguka" tu, hayo mengine yakapita juu ya kichwa. Asubuhi iliyofuata yeye na Mwongeli walikuwa Kajiado kabla mlinzi wa hospitali hajamaliza kufungua lango.

Waliwakuta profesa Ornella, Mwitaliano mwenye nywele nyeupe, na injinia Morita, Mjapani asiyesema sana. Juu ya meza palikuwa na mkono wa chuma, wa kulia, umelala chali, vidole vyote vimenyooka. Walimbandika Kiilu vibandiko vyenye waya kwenye kigutu, waya zikaingia kwenye kompyuta, na kutoka kompyuta zikaingia kwenye ule mkono. Wanjira akamwambia atulie kwanza, asiwaze chochote, wataanza wakiwa tayari. Morita akawasha mtambo.

Mkono ukajikunja. Krrk! Vidole vitano kwa mpigo mmoja, kidole gumba kikapanda juu ya vile vingine na kubana hadi chuma kikalia.

"Bado hatujaanza, mzee!" Wanjira akasema.

"Sijafanya kitu!" Kiilu akapiga kelele. "Naapa sijafanya kitu!"

Wacha wee! Profesa Ornella alirudi nyuma akagonga kabati. Morita alizima, akavinyoosha vidole kimoja kimoja kwa bisibisi, akawasha tena. Krrk! Ngumi ileile. Kiilu akaikodolea macho, jasho likimtiririka shingoni, kwa maana aliitambua. Kidole gumba kiliegemea upande ule ule alikokisikia miaka yote hiyo. Maumivu yake yalikuwa yamekaa juu ya meza, watu wengine wanayaona.

Mwongeli ndiye aliyenishangaza zaidi niliposimuliwa. Alisogea, akainama, akaitazama ngumi ile ya chuma kwa muda mrefu, kisha akaweka mkono mdomoni na kusema, "Yesu wangu. Kumbe ndiyo hii." Alikuwa ameikanda miaka minane bila kuiona.

Basi kazi ikawa moja: ngumi ifunguke. Siku baada ya siku Kiilu aliambiwa awaze anashika kikombe halafu anakiweka, awaze anarusha mbegu shambani, awaze anampungia mtu mkono. Akawaza mpaka mishipa ikamtoka kwenye paji la uso. Chuma kilibana vilevile. Profesa Ornella alipiga simu kwao Italia, wakabishana huko, wakatuma maagizo mapya, Morita akabadilisha mambo ndani ya kompyuta, na ngumi ikabaki ngumi. Mwisho wakasema ukweli: mkono unaojua kufunga tu hauna faida kwa mtu, na wao wataondoka Ijumaa. Kiilu aliposikia Ijumaa akajiuliza: Wakienda hawa, nani mwingine duniani angekuja kumfungulia?

Alhamisi Wanjira aliacha mashine, akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Baba Mumo, hebu niambie. Siku ile, mkono ulikuwa unafanya nini?"

Kiilu akamweleza. Timboni mawe hupasuliwa na watu wawili. Mmoja huishika tindo, kile chuma kinachoingizwa kwenye ufa, na mwingine huipiga kwa nyundo kubwa. Anayeshika hatazami nyundo, anatazama ufa. Kwa hiyo haachilii tindo mpaka mwenye nyundo aseme, "Achia." Ukiiachilia kwa kutaka kwako, tindo inaruka, nyundo inamvunja mtu. Hiyo ndiyo sheria, na mgeni timboni huifundishwa kabla hata hajaonyeshwa pa kuweka chakula chake. Siku ile mwenye nyundo alikuwa Njogu, rafiki yake. Njogu aliuona ukuta ukija, akaruka.

"Na wewe?" Wanjira akauliza.

"Mimi nilishika."

"Kwa nini hukuachilia ukakimbia?"

Kiilu akamtazama kana kwamba ameulizwa kitu cha ajabu. "Sikuwa nimeambiwa."

Wanjira alipomaliza kuwatafsiria wenzake, profesa Ornella aliketi chini polepole, na Morita akaivua miwani yake.

"Huyo Njogu yuko hai?"

Yuko hai! Anauza maji kwa mkokoteni wa punda hapo hapo Kitengela, na tangu siku ile hajawahi kumwangalia Kiilu usoni. Akimwona mbele, anageuza punda. Kiilu alidhani jamaa anaona kinyaa kwa sababu ya kigutu, naye akamnunia. Kesho yake Wanjira alikwenda mwenyewe kumtafuta, na sijui alimwambia nini, lakini saa nne Njogu alisimama mlangoni akiwa na gambuti zake za kazi, kofia ameikunja mikononi.

Mkono wa chuma ulikuwa umewashwa, umebana. Njogu aliuona, akarudisha macho sakafuni.

"Kiilu, niliruka," akasema. "Niliruka nikanyamaza. Ningesema neno moja ungekuwa na mkono wako. Nilijua hutaachilia. Nilijua, ndugu yangu."

Kiilu akaigeukia ngumi ya chuma.

"Sema sasa," Wanjira akamwambia Njogu kwa sauti ya chini.

Njogu akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa, ile ya timboni, "Achia!"

Kidole gumba kikainuka. Halafu cha shahada, cha kati, na vile viwili vya mwisho vikafuata pamoja, taratibu, mpaka kiganja cha chuma kikalala wazi mezani. Kisha kelele, jamani! Profesa Ornella analia na kucheka, Morita anampiga Njogu mgongoni, mlinzi anakuja mbio akidhani kuna moto. Wanjira alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, akirudia, "Haiwezekani, haiwezekani."

"Hauumi?" Mwongeli akamuuliza mumewe.

"Hauumi."

Mwongeli akainua mikono kumshukuru Mungu. Profesa naye, akifuta machozi, akaomba Kiilu afunge tena, mara moja tu, wapime. Wanjira akatafsiri.

Kiilu akajaribu. Akatafuta kidole gumba, hakukipata. Akatafuta kiganja. Kwenye kompyuta mstari uliokuwa ukirukaruka wiki nzima ulilala, haukutikisika, na mkono wa chuma ukabaki wazi vilevile.

"Funga, mzee," Wanjira akasema.

"Nifunge nini?"

Alikiangalia kigutu chake. Alikigeuza huku na huku, akakigusa mwisho wake kwa vidole vya kushoto, akapapasa hewa iliyokuwa mbele yake, akarudi kukigusa tena. Uso wake ukabadilika hata Njogu akasogea kumshika asianguke. Watu waliokuwa wakishangilia wakatulia mmoja mmoja.

"Mama Mumo," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyepewa habari sasa hivi. "Kumbe walinikata mkono."

Mwongeli akapiga magoti mbele yake, akamshika uso.

"Walikata, baba Mumo," akamwambia. "Walikata zamani."