Maji ya Muanda Yaliyomwagwa Mushaki

Wiki iliyopita nililetewa habari kwamba mzee wa chupa wa Mushaki amezikwa. Nilimfahamu miaka mitatu, na miaka yote hiyo nilimshuku, ingawa mbele ya watu nilimsalimu kwa heshima. Alikuwa ametumika Muanda, kwenye pwani yetu fupi ya Atlantiki, akichota maji ya bahari kila mwezi ili kuhesabu plankton, yaani vimea na viumbe vidogo mno vinavyolisha samaki. Uzeeni alirudi nyumbani na hadubini na sanduku la chupa, kila moja imeandikwa mwezi na majira yake. Nani hutoka baharini hadi huku kwetu Masisi akibeba maji? Katika milima hii, ambako kila mzigo uliofungwa hudhaniwa umetoka kwenye machimbo ya madini ya Rubaya, sikuwa peke yangu kujiuliza.

Siku moja tulisimamishwa pamoja kwenye kizuizi cha barabara ya Sake, hapa Mushaki, naye akiwa na sanduku lake. Kijana mmoja wa walinzi wa kizuizi alilifungua, harufu ya dawa ya kuhifadhia ikamrudisha nyuma.

“Papa, hii njo nini?”

“Iko maji ya bahari.”

“Bahari iko wapi huku? Unapimaka madini ya watu.”

Mzee akanigeukia. “Kaka, uwaambie. Unanijua.”

“Namujua sura tu,” nikasema.

Walizimwaga majanini, chupa moja baada ya nyingine.

Baada ya wiki kadhaa nilikwenda kwake, labda kuomba msamaha, labda kuchungulia. Alinieleza kwamba mvua zikianza, mto mkubwa humwaga tope baharini. Aina za plankton zilizotawala wakati wa kiangazi hupotea, nyingine hushika nafasi, kisha za kwanza hurudi.

“Zilirudi kila mwaka?” nikauliza.

“Mwanzo, ndiyo. Halafu zikaanza kukawia. Nilitaka kujua sababu. Sasa sina tena maji ya kulinganisha.”

Sijui hata leo kama yote aliyoniambia yalikuwa kweli, na sitajua, kwa maana ushahidi wake uliingia ardhini nikitazama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeumwa mara nyingi, siwalaumu wanaoshtuka. Lakini kwa kuwa nilishuku, ilinipasa kuuliza, kufungua chupa moja, kutazama. Mimi pale kizuizini nilinyamazia nilichokijua, nikakiita kimya hicho busara. Kilikuwa woga wa kuonekana mwenzake.